Mshono Usio na Mwenyewe

Bugarama ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, mkoani Shinyanga, jirani na Mgodi wa Bulyanhulu. Mgodi huo ulianza uzalishaji mwaka 2001. Mwaka 2017, serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, shughuli zake zilipungua mpaka zikasimama. Kuanzia mwaka 2020 zikarejea chini ya Twiga, kampuni ambayo Barrick inamiliki asilimia 84 na serikali ya Tanzania asilimia 16. Mgodi ukiamka, ujenzi huamka nao. Ndani ya uzio kuna mitambo ya kufufuliwa, karakana za kupanuliwa, mabwawa, njia za umeme. Nje ya uzio kuna madarasa, zahanati, nyumba za kupanga na ile barabara ya Kahama hadi Kakola.

Ujenzi wa namna hii hauna mtu mmoja anayeujua wote. Shimo la wima la Bulyanhulu linashuka zaidi ya kilomita moja ardhini. Aliyelibuni siye aliyebuni kinu cha kusagia mwamba, na aliyebuni kinu siye aliyepanga nyaya zinazokiendesha. Kila mmoja amesomea lake, ana ofisi yake, mara nyingi katika mji wake na hata nchi yake, na wote wanatakiwa kukutana mahali pamoja bila kugongana.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa modeli ya taarifa za jengo. Nguzo iliyomo ndani ya modeli ina urefu wake, aina ya zege yake, nondo zake na ghorofa inayosimamia. Ukiisogeza kwenye ramani ya chini, inasogea yenyewe kwenye mkato, na hesabu ya zege inabadilika papo hapo. Na kwa kuwa hakuna kompyuta wala kichwa cha mtu kinachoweza kubeba kila kitu kwa undani huo, modeli hugawanywa. Msanifu majengo ana yake. Mhandisi wa miundo ana yake, wa umeme yake, wa maji na hewa yake, na mpima ana uso wa ardhi. Kisha zinawekwa pamoja ili zionekane kama jengo moja, huku kila moja ikibaki mali ya aliyeitengeneza.

Mgawanyo huo nauunga mkono kwa moyo wote. Modeli moja ikihaririwa na kila mtu, mtu wa mabomba atausogeza ukuta unaomsumbua na msanifu hataambiwa. Ikigawanywa, kila mtu anajibu kwa kazi yake, na faili la umeme likiharibika, la zege linabaki salama. Hatari iko kwingine. Fundi cherehani hukata kitambaa vipande bila hofu kwa sababu anajua nguo huachia pale vipande viwili vinapokutana, na hapo ndipo anapotia mkono wake wote. Katika modeli zetu, pale zinapokutana mara nyingi hapana mkono wa mtu.

Kisa kinachofundisha jambo hili kuliko vingine ninavyovijua ni cha ndege. Nitakisimulia kirefu, kwa sababu ndege kubwa hugawanywa kwa namna ileile jengo kubwa linavyogawanywa, na kwa sababu waliopata hasara hiyo walikuwa na fedha, vifaa na wataalamu ambao hakuna mradi wa Kanda ya Ziwa utakaowahi kuwa nao.

Kampuni ya Airbus ya Ulaya ilibuni A380, ndege ya abiria yenye ghorofa mbili kutoka mbele hadi nyuma. Mabawa yalitengenezwa Broughton, Wales. Sehemu za mkia zilitoka Hispania. Vipande vya kiwiliwili vilitengenezwa Hamburg, Ujerumani, na Saint-Nazaire, Ufaransa, vyote vikasafirishwa hadi Toulouse, kusini mwa Ufaransa, kuunganishwa. Ndani ya kila ndege zilipaswa kulazwa nyaya zenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Nyaya hizo hazikatwi pale pale kwa kupimwa na mkono. Hutengenezwa kiwandani zikiwa vitita, kila waya na urefu wake kama modeli inavyosema, kisha kitita kizima kinapelekwa kwenye kipande cha ndege kinachokisubiri.

Toulouse na Waingereza walikuwa wakichora kwa programu ya CATIA, toleo la 5. Hamburg na Hispania walikuwa wakichora kwa CATIA, toleo la 4. Jina la programu lilikuwa moja, na kampuni iliyoitengeneza ilikuwa moja, Dassault Systèmes. Lakini toleo la 5 lilikuwa limeandikwa upya kutoka chini. Faili lililovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili halikufika na kila kitu kilichokuwa ndani yake, na badiliko lililofanywa huku halikujitokeza lenyewe kule. Kulikuwa na jambo jingine la kimya zaidi. Ili kupunguza uzito, baadhi ya nyaya zilikuwa za alumini badala ya shaba. Alumini haikubali kukunjwa kwa kona kali kama shaba. Kona ikiwa pana, njia ya waya inakuwa ndefu. Kanuni ya kona ikiwa tofauti katika modeli mbili, urefu wa waya nao ni tofauti, na hakuna atakayeiona tofauti hiyo kwenye kioo cha kompyuta kwa sababu mchoro wa kila upande, ukitazamwa peke yake, hauna kasoro.

Vitita kutoka Hamburg vilipofika Toulouse havikufika kwenye soketi zake. Vilipungukiwa sentimita chache, na waya haunyooshwi. Mafundi walianza kuvuta, kukata, kuunga na kupitisha upya kwa mikono. Mamia ya mafundi wa Kijerumani wakahamishiwa Ufaransa, wakafanya kazi kwa zamu kwenye ndege zilizokwisha kuunganishwa nusu. Kila walichorekebisha kilitakiwa kirudishwe kwenye modeli, na modeli zilikuwa ni zile zile zisizoelewana.

Ndege ya kwanza ilikwisha kuruka tarehe 27 Aprili 2005, ikashangiliwa na dunia nzima. Ugonjwa ulikuwa ndani ya kuta za ndege zilizofuata, zile zilizohitaji mfumo kamili wa umeme wa abiria. Tarehe 13 Juni 2006 kampuni ikatangaza ucheleweshaji mwingine mkubwa, na siku iliyofuata hisa za EADS, kampuni mama, zikaanguka kwa karibu robo ya thamani yake. Mkuu wa Airbus, Gustav Humbert, akaondoka Julai. Aliyempokea, Christian Streiff, akaondoka Oktoba baada ya siku kama mia moja. Mwezi huohuo kampuni ikakadiria kwamba faida ya euro bilioni 4.8 ingepotea hadi mwaka 2010. FedEx ikafuta oda ya A380 ya mizigo Novemba 2006, UPS ikafuata Machi 2007, na A380 ya mizigo haikuwahi kujengwa hata moja. Singapore Airlines ilikabidhiwa ndege ya kwanza tarehe 15 Oktoba 2007. Emirates ya Dubai, mteja mkubwa kuliko wote, ilisubiri hadi Julai 2008.

Watu hupenda kuilaumu programu, na lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini ninavyokisoma kisa hiki, programu ilifanya kile ilichojengewa kufanya. Kosa lilikuwa la uamuzi. Tofauti ya matoleo haikuwa siri kwa waliokuwa wakiyatumia kila siku. Kuhamia toleo moja kungechukua muda, ratiba ilikuwa imebana, kila kiwanda kilikuwa na fahari yake na mazoea yake, na mwenye mamlaka ya kusema "wote tutachora hivi kuanzia Jumatatu" hakulisema neno hilo kwa wakati. Kwa hiyo waya ukawa wa Hamburg, soketi ikawa ya Toulouse, na zile sentimita chache zilizo kati yao zikakosa mwenyewe.

Kuna kisa cha pili, kifupi, kinachokaribia zaidi kazi za ujenzi. Mwaka 2003 Ujerumani na Uswisi zilikuwa zinajenga daraja juu ya mto Rhine pale Laufenburg, kila nchi ikianzia upande wake. Wajerumani hupima kimo kutoka usawa wa bahari wa Amsterdam, Waswisi kutoka usawa wa Marseille, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ya sentimita 27. Wahandisi waliijua. Waliiingiza kabisa kwenye hesabu. Ila iliingizwa kwa kuelekea upande usio wake, palipotakiwa kutoa pakajumlishwa, na badala ya tofauti kufutika ikawa sentimita 54. Ikabidi upande mmoja urekebishwe kabla daraja halijakutana. Mtu anayevuka leo Ghuba ya Mwanza kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, anavuka kilomita tatu za maji bila kuhisi mahali popote kwamba kazi ilikuwa na ng'ambo mbili. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa, na haiwi hivyo kwa bahati.

Turudi Bugarama, kwa sababu Laufenburg yetu iko hapa, na ni kubwa kuliko sentimita 54.

Tanzania ilipimwa kwa miongo mingi kwa mfumo wa Arc 1960. Mfumo mpya wa taifa ni TAREF11, unaoendana na setilaiti. Nukta ileile ya ardhi, ikisomwa kwa mifumo hii miwili, inapata namba zinazotofautiana kwa takriban mita 300. Umbali huo unatosha kuiweka zahanati ndani ya shamba la mtu mwingine. Ramani nyingi za zamani, zikiwemo za viwanja na za vibali, bado zina namba za Arc 1960. Simu na vifaa vya setilaiti vinatoa namba za mfumo mpya au unaofanana nao. Namba zote mbili zina tarakimu zilezile sita na saba, na zote zinaonekana za kawaida. Mtu asiyeuliza hatajua.

Kimo nacho kina mtego wake. Kifaa cha setilaiti, kisiporekebishwa, hupima kimo kutoka umbo la kihesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari. Katika eneo letu vimo hivyo viwili hupishana kwa zaidi ya mita kumi. Kwa mhandisi wa mabomba ya maji machafu, ambaye maisha yake ni mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita, kosa la namna hiyo ni la kutisha. Lakini kosa la mita kumi angalau linapiga kelele. La kuogopwa zaidi ni la sentimita 30, kwa sababu linapita ofisini bila kuonekana, likaja kugunduliwa saiti.

Juu ya hayo, mgodi una dunia yake. Migodi mingi hutumia gridi yake yenyewe, iliyozungushwa ifuate mwelekeo wa mwamba wenye dhahabu ili wachimbaji wasome njia zao kwa urahisi. "Kaskazini" ya mgodi inaweza isiwe kaskazini ya msanifu majengo wala ya serikali.

Kisha kuna kompyuta yenyewe. Kwa upande wetu wa kusini, ikweta imepewa namba 10,000,000, kwa hiyo jengo lolote la Bugarama liko mahali fulani kwenye mita milioni tisa na laki sita na zaidi za kaskazini. Programu za usanifu hazipendi namba hizo. Revit, kwa mfano, ina kikomo cha umbali wa jengo kutoka nukta yake ya sifuri ya ndani. Ukivuka hapo mistari huanza kutetemeka na vipimo kupoteza uhakika. Dawa inajulikana: jengo linasogezwa karibu na sifuri, na umbali uliosogezwa unaandikwa ili modeli ijue inakosimama duniani. Ubaya ni pale kila ofisi inapoisogeza kivyake. Msanifu anachukua kona ya ukuta, mhandisi wa miundo anachukua makutano ya nguzo A na 1, mpima hasogezi kabisa. Siku ya kuunganisha, jengo moja linatokea mara tatu.

Sasa nitaunda mfano. Jengo hili halipo, wala sitaki mtu alitafute. Nimelitunga ili tuone mshono kwa karibu.

Tuseme ni karakana ya magari makubwa, nje kidogo ya uzio wa mgodi. Msanifu yuko Mwanza, mhandisi wa miundo Dar es Salaam, mtu wa umeme Kahama, na mtu wa mabomba anafanya kazi na miradi mingine mitatu. Wameanza vizuri: modeli nne, kila moja kwa mwenyewe. Mashimo ya majaribio yanapochimbwa inaonekana nusu ya kiwanja ni udongo mweusi wa mbuga, ule ambao Wasukuma wanaujua tangu zamani, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mhandisi wa miundo anafanya linalopaswa. Anashusha boriti za msingi, anapandisha jamvi, anaandika upya hesabu za nondo. Modeli yake sasa ni sahihi kabisa. Analituma faili kwenye kundi la WhatsApp, jina lake limeishia na "mpya" na "mwisho" kwa pamoja.

Mtu wa mabomba yuko safarini. Modeli yake bado imefungwa kwenye faili la wiki iliyopita, na kwake hakuna kilichobadilika: bomba la maji machafu linapita vizuri chini ya boriti. Kwenye ukweli mpya linapita katikati yake. Wiki tatu baadaye boriti zimemwagwa, na fundi anapiga simu.

"Injinia, hili bomba linaingia kwenye boriti. Nitindue?"

"Tindua kidogo tu, fundi. Usiguse nondo."

Mtu mwenye tindo mkononi, ndani ya mtaro, haoni nondo mpaka aifikie. Kwenye mfano wangu anaifikia.

Niulize swali ambalo naona halikuulizwa mwanzoni: tundu ni la nani? Boriti ni ya mhandisi wa miundo, iko kwenye modeli yake. Bomba ni la mtu wa mabomba, liko kwenye modeli yake. Tundu linaloliruhusu bomba kupita kwenye boriti halimo kwenye modeli yoyote, kwa sababu mtu wa mabomba hana ruhusa ya kutoboa zege la mwenzake na mhandisi wa miundo hajui kwamba tundu linahitajika. Mgawanyo uliowalinda wote wawili umelifanya tundu liwe yatima.

Ofisi zilizokwisha kuumizwa na jambo hili zina utaratibu, na ni mzuri. Mwenye bomba huchora tundu analolihitaji kama kitu kamili ndani ya modeli yake, likiwa na ukubwa, kimo na jina, na kulipeleka kama ombi. Mhandisi wa miundo hulitazama, hukubali au husema hapana, sogeza sentimita 40 kutoka kwenye nguzo. Akikubali, ni yeye anayetoboa boriti yake na kuongeza nondo za pembeni. Umbizo la wazi la IFC, ambalo programu nyingi za ujenzi husoma na kuandika, lina njia maalumu ya kulibeba ombi hilo kutoka programu moja kwenda nyingine. Fundi anapofika saiti, tundu lipo tayari ndani ya fomu kabla zege halijamwagwa.

Kinyume cha yatima ni mtoto mwenye baba wawili, naye huleta hasara. Kwenye karakana yetu, msanifu alichora nguzo ili picha zake zipendeze, na mhandisi wa miundo akazichora ili zibebe mzigo. Nguzo 24, kila moja sentimita 40 kwa 40, kimo mita 5. Hiyo ni mita za ujazo 19.2 za zege. Mkadiriaji majenzi akizihesabu kutoka modeli iliyounganishwa bila kujua nguzo za nani ndizo za kweli, anapata 38.4. Kwa mifuko 7 ya saruji kwa kila mita ya ujazo, amenunua mifuko zaidi ya 130 kwa ajili ya nguzo ambazo hazipo. Kwa mradi wa kampuni kubwa hilo ni jambo la kusahihisha kikaoni. Kwa zahanati ya kata ni bati za chumba kizima cha kujifungulia.

Nataja zahanati makusudi. Kuna wanaodhani mambo haya ni ya wenye kompyuta za bei. Vituo vya afya na madarasa yetu mengi hujengwa kwa fosi akaunti, na kamati ya kijiji na fundi wa mtaani, bila modeli yoyote. Lakini hata hapo kuna karatasi ya msanifu, karatasi ya nondo na karatasi ya umeme, na zinaweza kuwa zimetoka ofisi tatu kwa tarehe tatu. Mshono upo. Mwenyekiti wa kamati anaweza kuuliza karatasi ipi ni ya mwisho na nani aliyelinganisha hizi tatu, na anastahili jibu lenye jina la mtu.

Kanuni ya kimataifa ya ISO 19650, iliyotolewa mwaka 2018, inasema jambo ambalo wengi hulipitia haraka: mpango wa kugawa na kuunganisha modeli uandikwe kabla ya modeli kuanza. Inataka pia kila faili lijulikane liko katika hali gani: bado linafanyiwa kazi, limeshirikishwa kwa wenzako walitazame, limeidhinishwa kutumika, au limewekwa kumbukumbu. Faili la mhandisi wetu kwenye WhatsApp halikuwa na hali yoyote. Lilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyejua kama ni la kutazamwa au la kujengea. Mahali pamoja pa kuhifadhia mafaili, hata pakiwa pa bei nafuu, panapoonyesha nani ameweka nini na lini, pangemfanya mtu wa mabomba aone onyo siku anayofungua kompyuta.

Naamini mpango huo unaweza kuandikwa kwa kurasa mbili, na nimewaona watu wakiujaza kurasa arobaini ambazo hakuna anayezisoma. Vilivyo lazima ni vichache. Nukta ya sifuri ni ipi, kwa mfumo upi wa upimaji, kimo kutoka wapi, na kaskazini ya nani. Nani mwenye gridi na vimo vya ghorofa, wengine wote wakivinakili kwake bila kuvigusa. Kila aina ya kitu, kuanzia nguzo hadi sinki, ni ya modeli gani, moja tu. Tundu huombwaje. Programu ipi na toleo lipi, hadi mwisho wa mradi, na nani pekee anayeruhusiwa kutangaza kwamba sasa tunahama. Faili hubadilishwa siku gani ya wiki. Na jina la mtu mmoja anayeunganisha, mwenye saa za kazi zilizolipwa kwa ajili hiyo. Hili la mwisho ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu wateja wengi hukubali kumlipa msanifu na wahandisi wote lakini humwona mwunganishaji kama anasa, na kazi hiyo ikiachwa bila malipo huangukia kwa kijana mgeni kazini ambaye hana sauti ya kumwambia mhandisi mkuu kwamba boriti yake imepita kwenye mlango.

Vijana wa Msalala, Kahama na Geita wanaoingia kwenye fani hii nawaomba wasione haya kuwa huyo mtu, na wadai wapewe mamlaka yanayoendana na kazi. Na kuna jaribio moja wanaloweza kulifanya siku ya kwanza, kabla ukuta haujachorwa, ambalo halihitaji fedha. Kila ofisi iweke kwenye modeli yake tupu mchemraba mmoja, ukubwa wa mita moja, kwenye nukta iliyokubaliwa, kila fani kwa rangi yake, na mshale mmoja ukielekea kaskazini iliyokubaliwa. Modeli zote zipelekwe kwa mwunganishaji zikiwa na mchemraba na mshale tu. Zikiwekwa pamoja, michemraba inapaswa kulaliana mpaka ionekane kama mmoja. Ukionekana wa pili, hata kama umepishana kwa sentimita tatu, kazi isimame mpaka ijulikane ni wa nani na kwa nini. Michemraba ikikubaliana, mpima aende Bugarama na kifaa chake, asimame kwenye bikoni ya zege iliyopo kiwanjani, asome namba zake, na azilinganishe na za mchemraba mbele ya mkandarasi.